Kuku Wangu Walitaga Mayai ya Kuchemsha

Hesabu niliipiga mwenyewe, nyuma ya risiti ya luku. Kifaranga atakula karibu miezi mitano kabla hujaona yai la kwanza. Mtetea wa wiki 16 naye atakutazama mwezi mzima huku anajaza tumbo. Mimi subira hiyo sina. Hata wali huufunua kabla haujakauka. Nikaamua nanunua kuku wanaotaga tayari: jioni nawaleta, asubuhi nakaanga.

Muuzaji, huko Chanika, alikuwa nao 20 kwenye matenga mawili. "Bosi, hawa wana wiki 25, ndiyo wamechanganya sasa." Akazamisha mkono kwenye tenga, akatoka na yai. La moto kabisa! Siku hizi najiuliza joto lile lilikuwa la kuku au la mfuko wa jaketi lake.

Shingo zao zilikuwa tupu, ngozi nyekundu nje. Nikauliza.

"Hiyo mbegu, bosi. Chotara wa kishingo."

Bei elfu nane kila mmoja, wakati mitetea ilikuwa inauzwa karibu mara mbili. Mwenye akili zake hapo angeuliza kwa nini. Mimi niliomba anichangie nauli ya bajaji.

Wiki ya kwanza, kavu. Nikasema safari imewashtua, na kweli kuku akihamishwa husita kutaga. Wiki ya pili nikaongeza dagaa na chokaa kwenye chakula. Wiki ya tatu wale kishingo wakaanza kuota manyoya shingoni. Gunia la kilo 50 likaisha siku ya 21, maana kuku 20 hula karibu kilo mbili na nusu kwa siku, watage wasitage.

Mke wangu akaanza kuuliza habari za mayai kwa ile sauti ya upole, ambayo ni mbaya kuliko ya ukali. Basi nikawa nikitoka kazini napitia dukani. Mayai manne mfukoni, natembea kama mwenye jipu, naanzia bandani kabla ya kubisha hodi ndani. Asubuhi mtoto anatoka mbio: "Wametaga!" Nyumbani furaha, dukani deni.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Muheza. Hata maji hakunywa. Khanga kiunoni, moja kwa moja bandani, akadaka kuku mmoja, akamgeuza na kupitisha vidole kwenye mifupa ya nyonga.

"Baba Asha, kuku anayetaga hapa vinapita vidole vitatu. Huyu hata kimoja kinagoma. Na tazama miguu ilivyopauka: unjano wote umeishia kwenye mayai waliyokula watu wengine. Hawa wana mwaka na nusu huko. Hawa wamestaafu."

"Lakini mama, mbona wanataga?" mke wangu akanitetea. "Kesho asubuhi utaona mwenyewe."

Mate yakanikauka. Saa nne usiku nikaaga naenda kununua vocha. Duka limefungwa. La pili limefungwa. Kwa mbali nikamwona yule kijana wa mayai na kachumbari, ndoo mkononi.

"Yamebaki matano, kaka. Nikumenyee?"

"Usimenye!"

Mpango ulikuwa niyaweke bandani kwa usiku ule tu, alfajiri niwahi duka nikayabadilishe. Mpango mzuri. Kasoro yake ni kwamba mtu wa Muheza huamka kabla ya adhana.

Nilipofika jikoni mafuta yalishaanza kulia kwenye kikaango, kitunguu kimekatwa, na mama mkwe ameshika bakuli. Akagonga yai ukingoni. Ko. Akagonga tena. Ko. Akapasua ganda kwa kidole gumba, taratibu, likatokea yai jeupe, gumu, linang'aa. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule. Mke wangu akanitazama mimi. Mtoto akatazama kopo la chumvi.

"Baba Asha," mama mkwe akasema, "wakianza kutaga na kachumbari, uniite."