Mendez kwanza, mapishi baadaye

Kila tarehe 15 Septemba Marekani huanza mwezi wa kuwaenzi Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ulianza kama juma moja tu mwaka 1968, zama za Rais Lyndon Johnson. Mwaka 1988, Ronald Reagan akiwa madarakani, likarefushwa hadi 15 Oktoba. Siku ya kuanzia inaeleweka: Guatemala, Honduras, El Salvador, Nicaragua na Costa Rica zote husherehekea uhuru wao siku hiyo. Basi hotuba humiminika. Asanteni kwa mapishi, asanteni kwa muziki, asanteni kwa mchango wenu katika taifa letu.

Mimi shukrani za namna hiyo hunikera. Ni maneno ya mwenyeji kwa mgeni, na hapo mgeni ni nani? Wahispania walianzisha mji wa St. Augustine, Florida, mwaka 1565, miaka 42 kabla Waingereza hawajaanzisha Jamestown, makazi yao ya kwanza ya kudumu huko. California nayo ilikuwa ya Mexico hadi mkataba wa 1848 ulipoikabidhi kwa Marekani, pamoja na watu wake.

Kama ni mchango, nitajieni familia ya Mendez. Gonzalo alizaliwa Mexico, mkewe Felicitas Puerto Rico. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walikodi shamba huko Westminster, California, mali ya familia ya Munemitsu, Wamarekani wenye asili ya Japani waliokuwa wamefungiwa kambini Arizona na serikali yao wenyewe. Shangazi akawapeleka watoto kuandikishwa shule, wa kwake na wa kaka yake. Wa kwake wakapokelewa: weupe wa ngozi, na jina lao, Vidaurri, lilisikika kama la Kifaransa. Sylvia Mendez na kaka zake wakaambiwa waende shule ya Wameksiko. Shangazi akawashika mkono watoto wote akaondoka nao.

Gonzalo angeweza kuwabembeleza wakubwa wamfikirie yeye peke yake. Badala yake mwaka 1945 yeye na akina baba wengine wanne walizishtaki wilaya nne za elimu, kwa niaba ya watoto wapatao 5,000. Felicitas akabaki na shamba, na bila jasho lake sijui wakili angelipwa na nini. Mahakamani, mkuu mmoja wa elimu alijitetea kwa kutaja chawa na mikono michafu ya watoto. Mtu mzima, chini ya kiapo! Februari 1946 Jaji Paul McCormick akawapa wazazi ushindi, na mwaka 1947 mahakama ya rufaa ikaukubali.

Ushindi wa rufaa ulikuwa mwembamba. Majaji walisema tu kwamba sheria ya California haikuruhusu kuwatenga watoto wenye asili ya Mexico. Iliruhusu kuwatenga Wachina na Wajapani, na hilo hawakuligusa. Ni gavana Earl Warren aliyetia saini mwaka huohuo kuvifuta vifungu hivyo. Huyo ndiye Warren aliyekuja kuwa Jaji Mkuu na kusoma hukumu ya Brown mwaka 1954, iliyoharamisha ubaguzi katika shule za umma nchi nzima. Na NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kilipoingia kwenye rufaa ya Mendez kama rafiki wa mahakama, yaani asiye mhusika wa kesi anayetoa hoja zake, mmoja wa mawakili wake alikuwa Thurgood Marshall, ambaye baadaye alikuwa wakili wa wazazi katika kesi ya Brown.

Wasomaji wa Kenya wanalijua jina hilo. Mwaka 1960 Marshall alikwenda kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya huko Lancaster House, London, kuwashauri wajumbe wa Kiafrika, akaandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya katiba hiyo. Safari hii wachache aliohangaikia ulinzi wao walikuwa pamoja na walowezi, na mashamba yao. Historia ina vituko.

Kwa hiyo huo mchango haukutolewa kwa ridhaa ya mpokeaji. Ilibidi serikali za wilaya zishtakiwe na zishindwe mara mbili ndipo zikubali kuupokea, na walionufaika hawakuwa Walatino peke yao. Sehemu hii ndiyo ningependa kuisikia Septemba, hata kama itawaharibia hamu ya kula waalikwa. Mwaka 2011 Rais Obama alimvisha Sylvia Nishani ya Uhuru ya Rais. Gonzalo alikuwa amefariki tangu 1964.