Watoro wa Jomvu na mfuko wa unga

Wamethodisti wa Mombasa wakisimulia asili yao hawaanzii kisiwani. Wanaanzia Ribe, kijiji cha bara, alikokwenda mmisionari Mwingereza Thomas Wakefield mwaka 1862, akipelekwa na Krapf, yule mmisionari Mjerumani aliyemzika mkewe Mombasa mwaka 1844. Kisiwa kilikuwa cha Waislamu chini ya Sultani wa Unguja, na misheni ikakita bara. Kituo cha Jomvu, nacho cha bara, kilifuata baadaye.

Safari za Wazungu zimesimuliwa vya kutosha. Mimi hunivuta watoro: watumwa waliokimbia mashamba ya pwani, wakajificha Ribe, Jomvu na kwa Waanglikana wa Rabai. Mwaka 1888 mabwana wao walikuja juu. George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa imekabidhiwa pwani, akawalipa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapata hati za uhuru. Fedha zilikwenda kwa mabwana. Aliyechapwa alipata karatasi.

Ndiyo maana ubishi wa leo, kama kanisa linalosaidia wenye shida liwahubirie pia, si mgeni. Wako wasemao chakula kikitolewa pamoja na mahubiri, katika mji ambao jirani yako ni Mwislamu, kinageuka chambo. Wengine hujibu kwamba kanisa lisilomtaja Yesu ni shirika la misaada tu, tena misikiti hufuturisha watu kwa jina la Mungu na hakuna anayenuna. Hoja hiyo ya pili ina uzito, sikatai. Lakini anayekwenda kufuturu msikitini kwa kawaida ni Mwislamu tayari. Mtoro wa Jomvu hakuwa na pengine pa kukimbilia, angeyakataaje mahubiri? Wengi waliamini kwa moyo, na wajukuu wao ndio wanaojaza viti leo. Hilo halifuti swali.

Jumamosi moja nilikuwa nikigawa unga kwenye kanisa moja kongwe mjini. Bibi mmoja mwenye buibui alisimama nje ya lango, kapu mkononi.

"Mwanangu, ni lazima niingie?"

"La, nyanya. Ngoja hapo hapo."

Nikamtolea mfuko wa kilo mbili barabarani, tuktuk zikitupigia honi. Mzee wa kanisa alikuja na daftari lake lenye safu tatu: jina, simu, kanisa. Simu hana. Kwenye safu ya kanisa, mzee alikuna kichwa, kisha akaandika "Bondeni", mtaa anakokaa bibi.