Utafiti unaosema "acheni" hauna mwenyewe

Katika hospitali nyingi za wilaya za Afrika Mashariki, mzazi aliyefika na mtoto mwenye homa kali na viungo vilivyolegea hupata ahueni kidogo anapoona chupa ya maji imetundikwa juu ya kitanda. Dripu ndiyo dalili yake kwamba mtoto ameshughulikiwa. Asipoiona huuliza, "Sista, mbona mwanangu hajawekewa maji?" Swali hilo ni la haki kabisa, kwa sababu kwa miaka mingi hata vitabu vya tiba vilielekeza hivyo hivyo: mtoto ambaye mzunguko wake wa damu umezorota kutokana na maambukizi makali apewe maji mengi kwenye mshipa, tena kwa kasi, ndani ya saa ya kwanza. Kati ya mwaka 2009 na 2011, hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania zilionyesha kwamba kwa wengi wa watoto hao agizo hilo lilikuwa likiongeza vifo. Utafiti wenyewe unaitwa FEAST, na ninauandikia leo kwa sababu naona haujapewa heshima yake katika nchi zilizoufanya, na kwa sababu historia yake inaonyesha kasoro kubwa katika namna tunavyoyapokea matokeo ya sayansi: utafiti unaotuletea kitu kipya tunaukumbatia, na ule unaotutaka tuache tulilolizoea tunauacha usubiri mlangoni.

Hospitali zenyewe zilikuwa Kilifi kwa upande wa Kenya. Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kwa upande wa Uganda. Na Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga. Aliyeongoza kazi hiyo ni Profesa Kathryn Maitland, mtaalamu wa magonjwa ya watoto ambaye amefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi. Shaka iliyouzaa utafiti ilikuwa na msingi. Desturi ya kumpa mtoto maji mengi kwa kasi ilikuwa imeenea duniani kote, lakini ushahidi uliokuwa nyuma yake ulikuwa mwembamba mno. Mojawapo ya tafiti zilizotajwa sana ni ya mwaka 1991, iliyofanywa Marekani kwa watoto 34 tu, tena wakiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mtoto wa Muheza au wa Soroti hana chumba cha namna hiyo. Akizidiwa, hakuna mashine ya kumpumulia, na muuguzi mmoja huenda anahudumia wodi nzima usiku kucha.

Uchunguzi ulioamua nani aingie katika utafiti haukuhitaji mitambo ya kifahari. Mganga hubonyeza ukucha wa mtoto, huachia, kisha huhesabu sekunde mpaka wekundu urudi. Zikifika tatu, damu haizunguki sawasawa. Hupitisha mkono kwenye mguu kutoka kwenye unyayo kupanda juu ili aone ubaridi unaishia wapi, na hushika kifundo cha mkono kusikiliza kama mapigo ni dhaifu. Mtoto mwenye homa, aliyepungukiwa na fahamu au anayepumua kwa shida, akiwa na angalau dalili moja ya namna hiyo, ndiye aliyekuwa mlengwa. Bahasha iliyofungwa ilifunguliwa, na karatasi iliyokuwa ndani ndiyo iliyoamua kama mtoto huyo atapewa maji ya chumvi kwa kasi, atapewa albumini (maji yenye protini ya damu) kwa kasi, au atapewa taratibu maji ya kawaida tu ya kukidhi mahitaji ya mwili. Huduma nyingine zote, kuanzia antibayotiki na dawa za malaria hadi oksijeni na sukari, zilitolewa kwa makundi yote matatu bila ubaguzi.

Watoto 3,141 walikuwa wameshaingizwa, kati ya 3,600 waliokusudiwa, pale kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wao ilipoagiza mwezi Januari 2011 kwamba uandikishaji usimamishwe. Kufikia saa 48, waliokufa katika kundi la albumini walikuwa asilimia 10.6, na katika kundi la maji ya chumvi asilimia 10.5. Katika kundi ambalo halikupewa maji ya kasi, waliokufa walikuwa asilimia 7.3. Maana yake ni kwamba, katika kila watoto mia moja waliotendewa kama vitabu vilivyoelekeza, watatu zaidi walipoteza maisha.

Kuna jambo moja ndani ya matokeo hayo ambalo natamani kila mtu anayebeza tafiti za aina hii alitafakari. Baada ya saa moja ya kwanza, watoto waliopewa maji kwa kasi walikuwa wakionekana wana nafuu zaidi: dalili za kuzorota kwa mzunguko wa damu zilikuwa zimetoweka kwa wengi wao kuliko kwa wale wa kundi la tatu. Miguu ilipata joto, mapigo yakasikika. Daktari aliyesimama pale kitandani, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini, angeondoka akiwa na hakika kwamba maji yamefanya kazi, na angekuwa ameona kwa macho yake mwenyewe. Vifo vilikuja baadaye, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vingi vya ziada vilitokana na moyo na mishipa kushindwa kuhimili, wala si kujaa maji kwenye mapafu kama wengi walivyotarajia. Tofauti ya watoto watatu katika mia haionekani kwa mtu mmoja ndani ya wodi moja. Mtoto anayekufa baada ya kuwekewa maji huandikwa kwamba alikufa kwa malaria au kwa maambukizi ya damu, na hakuna anayekosea kwa kuandika hivyo. Ni hesabu ya watoto maelfu, waliogawanywa kwa kura ya haki, ndiyo pekee iliyoweza kulitoa jambo hili gizani.

Niseme wazi hapa, ili maneno yangu yasije yakamdhuru mtu: watoto wenye kuhara na kutapika kulikowakausha maji hawakuwemo katika utafiti huo, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto wa kipindupindu anahitaji maji, na anayahitaji sasa hivi. FEAST haikusema dripu ni sumu.

Tazama sasa namna dunia ilivyoupokea. Mwishoni mwa mwaka 2010, miezi michache tu kabla ya FEAST kuchapishwa Mei 2011, yalitoka matokeo ya utafiti mwingine mkubwa, AQUAMAT, uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Muheza na Kilifi zikiwemo. Ulilinganisha sindano ya atesunati, dawa mpya zaidi, na ya kwinini iliyozoeleka, na vifo vilipungua kutoka asilimia 10.9 kwa kwinini hadi 8.5 kwa atesunati. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake mwaka uliofuata, na lilifanya vyema. Kwa FEAST mambo yalikwenda vingine, ingawa tofauti iliyoipata ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Kitabu cha mwongozo cha shirika hilo hilo kilichotoka mwaka 2013 kiliendelea kuelekeza maji ya kasi kwa mtoto aliye katika hali hiyo, na ilikuwa hadi mwaka 2016 ndipo mwongozo ulipokaza masharti na kuagiza kwamba hata mtoto mwenye dalili zote tatu, yaani ubaridi, ukucha unaochelewa na mapigo dhaifu ya haraka, apewe maji kidogo na kwa mwendo wa polepole zaidi. Ilichukua miaka mitano.

Najua hoja za waliosita, na sizidharau. Wengi waliuliza kama matokeo ya hospitali zisizo na mashine za kupumulia yanahusu hospitali za Ulaya, na swali hilo lina uzito. Lakini kwa hospitali za Afrika, ambako utafiti ulifanyika na ambako mwongozo ulikuwa ukitumika kila siku, kusita huko hakukuwa na kisingizio. Ninachokiona ni kwamba dawa mpya ina watu wengi wa kuisemea: yupo anayeitengeneza, yupo anayeisambaza, yupo waziri wa kuizindua. Kuacha kumpa mtoto maji ya ziada hakuna mwenyewe. Hakuzinduliwi, na hakuna anayepata chochote isipokuwa mtoto anayebaki hai bila hata mama yake kujua kwamba kuna hatari iliyompita.

Ndiyo maana naamini tafiti za namna hii zinapaswa kulipiwa na serikali zetu wenyewe. Gharama za FEAST zilibebwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na tunawashukuru, lakini haitufai kuendelea kutegemea kwamba mfadhili wa mbali atavutiwa na swali linalomsumbua tabibu wa Mbale. Wakuu wa Afrika walikubaliana mwaka 2006 kwamba kila nchi itumie asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya sayansi ya mwaka 2013 iliitengea hazina ya utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, na kinachotolewa kila mwaka kiko mbali sana na hapo. Nisingeomba fedha hizo zote ziende kwa watoto. Naomba sehemu yake itengwe kwa maswali yanayotoka wodini, yaulizwe na wauguzi na matabibu wanaotoa huduma hizo kila siku: maji kiasi gani, damu lini, oksijeni kwa nani.

Kuhusu damu, utafiti wa TRACT uliofanyika Uganda na Malawi ulionyesha mwaka 2019 kwamba mtoto aliyepungukiwa sana na damu lakini hana dalili za hatari anaweza kusubiri akifuatiliwa kwa karibu, bila vifo kuongezeka, na hilo ni jambo kubwa kwa hospitali ambayo jokofu lake la damu mara nyingi ni tupu. Kuhusu oksijeni, utafiti wa COAST nchini Uganda na Kenya ulisimamishwa mwaka 2020 kabla ya kufikisha idadi ya watoto iliyokusudiwa, baada ya kulaumiwa kwa sababu baadhi ya watoto wenye upungufu wa oksijeni usio mkubwa sana hawakuongezewa oksijeni tangu mwanzo. Waliolalamika walikuwa wakiwatetea watoto, kama ilivyopasa. Hata hivyo, muuguzi mwenye mtungi mmoja na watoto wanne wanaouhitaji bado anapaswa kuchagua usiku wa leo, na anachagua bila jibu lile ambalo COAST ilikuwa ikilitafuta.