Jaribu Nazi Tatu Kabla ya Kuchomelea Fremu

Ninaishi Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, na huu ni mwaka wangu wa 11 tangu nilipoondoka Muheza, mkoani Tanga nchini Tanzania. Ni katika mji huu ambapo Wilbur na Orville Wright walikuwa wakitengeneza na kuuza baiskeli kabla ya kuunda ndege yao. Jengo mojawapo la karakana yao bado limehifadhiwa katika mtaa wa South Williams. Nimeingia humo mara nyingi, na kila ninapotoka huwa namkumbuka mjomba wangu, ambaye naye ni fundi baiskeli, na ambaye mashine yake ya kukuna nazi ilishindwa kwa kasoro ambayo tungeweza kuigundua katika asubuhi moja.

Mjomba alinieleza wazo lake kwa simu mwaka 2019. Katika vijiji vyetu, ambako umeme haujafika kila nyumba na penye umeme hukatika hata wakati wa mapishi, wanawake wengi bado hukuna nazi kwa mbuzi, wakiwa wamekalia kibao kile chenye ulimi wa chuma, na shughuli moja ya harusi huweza kuwashikilia tangu alfajiri. Yeye aliwaza kuunganisha pedali na mnyororo wa baiskeli na kichwa cha chuma chenye meno, ili mtu mmoja anyonge pedali huku mwingine akishikilia kifuu. Wazo lilikuwa zuri, na mpaka leo naliamini. Nilimtumia dola 600 kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ilinunua mabomba ya mraba, ya pili ikanunua beringi mpya na kumlipa fundi wa kuchomelea, na ya tatu ikaishia kwenye kiti na rangi ya kijani. Kichwa, yaani sehemu pekee ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na hakika nayo, kilichongwa mwisho kabisa, tena kwa chuma kilichosalia.

Siku ya kuijaribu ilikuwa pia siku ya kuizindua. Ndugu na majirani walialikwa, na mama mkubwa akapewa heshima ya kushika nazi ya kwanza. Ilikuwa nazi ndogo, na kichwa kilikuwa kipana kuliko mdomo wa kifuu chake, kwa hiyo kilikwaruza ukingo bila kuingia ndani. Walipoleta nazi kubwa kiliingia vizuri, lakini meno yalikwenda mbali mno na kuchukua lile ganda jembamba la kahawia linaloshikamana na kifuu, machicha yakachafuka na tui likatoka na rangi ya vumbi. Akina mama hawakusema neno baya. Walimshukuru mjomba, wakampa pole ya kazi, kisha wakarudi kwenye mbuzi zao. Kubadilisha kichwa kulihitaji kukata ekseli, ekseli ilikuwa imeshachomelewa kwenye fremu, na fedha zilikuwa zimekwisha. Mashine ile ingali imeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba.

Nyumba ya pili kutoka kwangu hapa Dayton anaishi mzee aliyestaafu, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi ya kutengeneza kalibu kiwandani. Mke wake anaumwa magoti, na mzee alitaka kumtengenezea kifaa cha kuteremshia kapu la nguo kwenye ngazi za chumba cha chini ya nyumba. Nilimkuta sebuleni akiwa na boksi la katoni, kisu, gundi ya utepe na kipande cha ubao. Alikuwa ameunda kitu kama kitelezi, kibaya kukitazama, na alikuwa akikiteremsha ngazini kikiwa na matofali mawili ndani. Kabla ya chakula cha mchana aliona kwamba ngazi mbili za mwisho zina kimo tofauti na nyingine, na kwamba kitelezi kinapofika hapo hupinduka. Akalikanyaga katoni lile likawa bapa, akalitia kwenye pipa, akaanza kuchora kingine. Nilimuuliza kama haoni uchungu kupoteza kazi ya asubuhi nzima. Alinijibu kwamba hakupoteza chochote, kwa sababu sasa anajua habari za ngazi mbili ambazo amezipanda miaka 30 bila kuzijua.

Ndivyo walivyofanya pia wale ndugu wawili mafundi baiskeli. Mwaka 1901, kiparapanda chao, yaani ndege isiyo na injini, kilipokataa kunyanyuka kwa nguvu waliyoitarajia, walianza kuzishuku hesabu za mabawa zilizoachwa na Mjerumani Otto Lilienthal, ambaye mwenyewe alifariki mwaka 1896 baada ya kuanguka na chombo chake. Hawakujenga ndege nyingine kubwa ili kupata jibu. Walichukua baiskeli, wakalaza gurudumu la tatu juu ya usukani wake ili lizunguke kwa uhuru, wakafunga ukingoni mwake kipande bapa na kipande kingine kilichopinda mfano wa bawa, kisha wakanyonga pedali katika mitaa hii ninayopita kila siku, wakitazama upepo unalizungushia wapi gurudumu. Jaribio hilo liliwaonyesha kwamba shaka yao ina msingi. Baada yake wakatengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa futi 6, wakaweka feni ya kupuliza upepo ndani yake, na vipimo vyake wakaviunda kwa vipande vya msumeno wa chuma na waya wa spoku za baiskeli. Katika miezi michache tu walipima humo vibawa vidogo vya maumbo yanayokaribia 200. Waliporuka kwa ndege yenye injini huko Kitty Hawk, jimbo la North Carolina, tarehe 17 Desemba 1903, gharama yote, kwa hesabu yao wenyewe, ilikuwa chini ya dola 1,000.

Siku tisa kabla ya hapo, chombo cha kuruka cha Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya kisayansi ya Smithsonian, kilianguka kwa mara ya pili katika mto Potomac. Langley alikuwa msomi mwenye heshima, na Wizara ya Vita ya Marekani ilikuwa imempa dola 50,000. Alikuwa amekwisha kurusha vielelezo vidogo visivyobeba mtu tangu mwaka 1896, lakini chombo kikubwa kilipofika juu ya jukwaa la kurushia, rubani wake hakuwa amewahi hata siku moja kufanya mazoezi ya kukiongoza angani, ilhali akina Wright walikuwa wameruka na viparapanda vyao mamia ya mara. Nikisoma habari za Langley simcheki hata kidogo. Namwona mjomba wangu, na zaidi ya mjomba naona mkono wangu uliotuma fedha.

Wapo ndugu zetu wa ughaibuni ambao husema kwamba wenzetu huku wamefanikiwa kwa kuwa wana subira na sisi hatuna. Sikubaliani nao. Kwa maoni yangu, sababu kubwa iko kwenye bei. Hapa Dayton, kumwita fundi wa kuchomelea kwa saa chache kunaweza kumla mtu mshahara wa siku nzima au zaidi, kwa hiyo mwenye wazo hulazimika kulijaribu kwanza kwa katoni, mbao na utepe, vitu ambavyo mikono yake mwenyewe inavimudu. Nyumbani ujira wa fundi ni mdogo na karakana iko jirani, na unafuu huo unatushawishi turukie chuma moja kwa moja. Kisha yanakuja maduka. Huku mtu akinunua beringi tatu na kutumia moja, huzirudisha mbili pamoja na risiti, akarejeshewa fedha zake, na hivyo kukosea hakumgharimu sana. Kwetu ukutani mwa duka pameandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mteja anajua kwamba akikosea hasara ni yake, na badala ya kununua kidogo ili ajaribu, anaamua kununua vyote mara moja ili asirudi mjini kwa nauli nyingine.

Lakini katika jambo moja nyumbani kumezidi huku kwa mbali, nalo ndilo jambo kubwa kuliko yote. Yule mzee jirani yangu, siku anapotaka watu wengine watano wajaribu kifaa chake, hana pa kuwapata. Majirani wanafanya kazi kwa zamu, milango imefungwa, na kila mtu anaogopa kuwajibika mwenzake akiumia. Muheza, kabla ya saa nne asubuhi, ungewapata akina mama kumi wanaokuna nazi, na kila mmoja angekwambia kwa mikono yake kasoro iko wapi. Chuma chakavu kinauzwa kwa kilo. Baiskeli mbovu haikosekani uani. Ukienda kwenye maeneo ya mafundi, kama Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kamukunji kule Nairobi, utamkuta fundi anayeweza kukuchongea kipande kabla jua halijazama, na akakichonga upya kesho yake ukimwonyesha kilipokosea. Mikoani pia kuna ofisi za SIDO, shirika ambalo tangu mwaka 1973 kazi yake ni kuhudumia viwanda vidogo. Mtu mwenye wazo amezungukwa na karakana, malighafi na wajaribu, na bado hatuvitumii mapema.

Tunachelewa kwa sababu tunaogopa kuonekana na kitu ambacho hakijakamilika. Mjomba aliniambia waziwazi: “Mpwa wangu, watu wakikiona nusu watasema nimeshindwa.” Maneno hayo nayaheshimu, kwa kuwa ameishi kijijini miaka yote na anajua ulimi wa watu. Katika maonyesho yetu pia, kinachotazamwa zaidi ni mashine iliyopakwa rangi na kuwekewa kitambaa cha kufunuliwa na mgeni rasmi. Sijawahi kuona meza iliyopangwa vichwa vitano vilivyoshindwa, pamoja na daftari linaloeleza kila kimoja kilishindwa kwa nini, ingawa meza ya namna hiyo ingewafundisha vijana wengi zaidi. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya MAKISATU nchini Tanzania, yaliyoanza mwaka 2019, yamewatoa wabunifu wengi gizani, nami natamani siku moja daftari la majaribio lipewe alama sawa na kifaa chenyewe.

Hofu ya kuibiwa wazo nayo ipo, na si hofu ya bure, hasa kwa kuwa katika nchi nyingi kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani huweza kunyimwa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Hata hivyo, anayejaribu kipande hajaonyesha kitu kizima. Mama anayeshika kichwa cha kukunia kilichofungwa kwenye gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa anapima meno tu, na hajui fremu itakuwaje wala mnyororo utapita wapi. Akina Wright waliomba hataza yao Machi 1903, miezi kabla ya kuruka kwa injini, lakini baada ya miaka ya majaribio, na walichoomba kulindwa kilikuwa kitu walichokwisha kukithibitisha kwa miili yao.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Jiko la mkaa lenye kiuno, ambalo leo limejaa katika majiko ya mijini Kenya na hata kwetu, lilitokana na kazi ya miaka ya 1980. Wataalamu walianza na jiko la ndoo la Thailand, ambalo ndani lote ni udongo, kisha wao pamoja na mafundi wa jua kali, yaani mafundi wadogo wa Kenya, wakalirekebisha, mpaka udongo uliochomwa ukabaki sehemu ya juu tu, na bati la nje likachukua umbo ambalo fundi wa kawaida anaweza kulikunja kwa nyundo. Umbo hilo lilipatikana kwa kuwasikiliza wapishi na mafundi, na ndiyo maana limedumu.

Sasa nirudi kwetu sisi tunaotuma. Nyumbani mtu akitupigia simu na wazo, huwa tunauliza swali moja: “Inahitajika shilingi ngapi mpaka ikamilike?” Swali hilo linamlazimisha ndugu kupiga hesabu ya kitu kizima, na akishaitaja hesabu hiyo anakuwa amejifunga nayo mbele yetu. Afadhali tuulize ni sehemu ipi ambayo hana hakika nayo, na inahitajika kiasi gani kuijaribu hiyo peke yake wiki hii. Kwa mashine ya mjomba, jibu lingekuwa kichwa, baiskeli iliyopinduliwa, na nazi tatu: ndogo, ya wastani na kubwa. Ningetuma dola 15. Kikishindwa, ningetuma 15 nyingine kwa moyo mweupe, na fremu ingesubiri mpaka akina mama wenyewe waseme machicha yamelainika. Kutuma kidogo kidogo kuna usumbufu, na makato ya kutuma yanauma, kwa hiyo mimi huwa natuma mara moja kwa dada yangu, naye hutoa kwa awamu baada ya kuona picha na kusikia kilichotokea, kizuri au kibaya.

Tumeanza upya tangu Januari. Binamu yangu amefunga kichwa kidogo chenye umbo la nusu yai kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, na amekifunga kwa nati ili kiweze kufunguliwa. Kichwa cha kwanza kilikuwa na meno marefu na kilichafua tui kama zamani. Cha pili meno yalisagwa yakawa mafupi, na mama mkubwa alikubali machicha ya nazi kubwa lakini akakataa ya nazi ndogo. Jumapili iliyopita mjomba mwenyewe, ambaye mwanzoni hakutaka hata kuitazama baiskeli ile, alichukua kipimo cha uzi, akapima midomo ya vifuu 20 vilivyokuwa uani, akaviandika vipimo vyote nyuma ya kalenda, kisha akanipigia simu kuniuliza kama nauli ya kwenda kuchonga kichwa cha tatu imeshafika kwa dada.