Dimpozi na kidimbwi

Juzi nilikuwa nikihariri hadithi fupi ya mwandishi kijana, nikafika mahali alipoandika kwamba msichana alipocheka dimpozi zake zilionekana. Nililifuta neno hilo, nikaandika vidimbwi, kisha nikalirudisha, maana niliona si haki kufuta neno nisilolijua asili yake.

Dimpozi limetokana na dimple la Kiingereza, ambalo limo katika maandishi ya lugha hiyo tangu karibu mwaka 1400, likiwa na maana ya kishimo cha shavuni au kidevuni. Sisi tulilipokea likiwa katika wingi, kama tulivyopokea soksi na chipsi, ndiyo maana ile z ya Kiingereza ingali imeng’ang’ania hata tunapotaja kishimo kimoja cha shavu moja. Kiingereza kimelitanua neno lake hadi kwenye mawimbi madogo ya mtoni na vishimo vya mpira wa gofu, ambavyo Mwingereza William Taylor alivipatia hataza mwaka 1905. Sisi tumechukua shavu tu, na sidhani kama tumepunjika.

Lililonishangaza ni ukoo wake. Wanaochunguza historia ya maneno hulihusisha na Tümpel la Kijerumani, na maana ya Tümpel ni dimbwi. Kwa hiyo Wajerumani walipobaki na maji, jamaa zao Waingereza walibaki na shavu, ilhali Kiswahili, bila kuwauliza wote wawili, kimeviweka vyote katika neno moja: kidimbwi.

Aliyewahi kutembea juu ya miamba ya pwani wakati maji yamekupwa ataelewa kwa nini. Kila penye kishimo hubaki maji ya kujaa kiganja, yametulia, na ukiinama utamwona kaa mdogo akijificha kwenye kivuli cha ukingo. Bahari ikirudi, kidimbwi hakionekani tena. Shavu nalo lina kupwa na kujaa kwake. Inaelezwa kwamba kwa wengi wenye vidimbwi, msuli unaovuta pembe ya mdomo umegawanyika mara mbili na kuishika ngozi kwa ndani, hivyo mtu akicheka ngozi hubonyea, na akinyamaza shavu hurudi kuwa sawa. Neno dimpozi, pamoja na utamu wake wote, halimwonyeshi msomaji wetu picha hiyo, kwa sababu maji yake yalikauka njiani kabla halijatufikia.

Hata hivyo sioni sababu ya kulifukuza, kwani vijana hulitumia kusifia, na sifa hutolewa kwa lugha ya mtaani, si ya kamusi. Katika hadithi ile nimeweka vidimbwi kila msimulizi anapomweleza msichana, na dimpozi nimemwachia yule kijana anayemsubiri kituo cha daladala.