Saa za chekechea ni za mtoto, si za viza ya mzazi

Dada mmoja ninayesali naye, mzaliwa wa Mombasa ambaye sasa anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa England, alilipia chekechea ya mwanawe kutoka mfukoni kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya mtoto kutimiza miaka 3. Nilipomuuliza kwa nini hatumii saa zinazolipiwa na serikali, alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulikubali jambo, kwamba viza yake na ya mumewe zina sharti la kutotumia fedha za umma, na kwa hiyo saa hizo si za watu kama wao. Aliambiwa hivyo kazini na mtu aliyemtakia mema, naye akaamini. Haikuwa kweli. Mtoto alitimiza miaka 3 mwezi Novemba, na kuanzia Januari iliyofuata alikuwa na haki ya saa 15 kila wiki ya muhula. Mihula mitatu ilikuwa imepita, ambayo kwa pamoja ni kama saa 570, na hakuna anayeweza kumrudishia.

Ninaandika kwa sababu ya saa hizo 570. Ninazungumzia England pekee, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Jambo la kwanza, ambalo ningependa kila mzazi mgeni alijue kabla ya jingine lolote, ni kwamba kila mtoto wa miaka 3 na 4 anayeishi England anastahili saa 15 kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, bila kujali kama wazazi wake wanafanya kazi, wanapata kiasi gani, au wana kibali gani cha ukaazi. Saa hizi huhesabiwa kuwa sehemu ya elimu ya mtoto, wala hazimo katika orodha ya mafao ambayo sheria za uhamiaji huyaita fedha za umma, na mzazi anayezitumia havunji sharti la viza yake. Hazihitaji maombi ya mtandaoni. Mzazi huenda kwenye chekechea yenyewe, au kwa mlezi wa watoto aliyesajiliwa, akiwa na cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya mtoto, akajaza fomu na kutia sahihi. Sisi tuliolelewa Tanzania na Kenya tumezoea kuona malezi ya mtoto wa umri huo kuwa mzigo wa mfuko wa mzazi, na nadhani ndiyo maana wengi wetu hata hatuulizi.

Jambo la pili ni tarehe, na hapa ndipo hata waliozaliwa hapa hujikwaa. Haki haianzi siku mtoto anapotimiza umri, bali mwanzoni mwa muhula unaofuata. Aliyetimiza umri kati ya tarehe 1 Januari na 31 Machi huanza muhula wa Aprili. Kati ya tarehe 1 Aprili na 31 Agosti, huanza Septemba. Na kati ya tarehe 1 Septemba na 31 Desemba, huanza Januari. Binti yangu alizaliwa tarehe 3 Aprili. Mtoto wa jirani yetu alizaliwa tarehe 29 Machi mwaka huohuo, siku tano tu kabla yake, naye alianza baada ya likizo ya Pasaka huku wangu akingoja hadi Septemba. Kwa miezi mitano niliwapitia pamoja njiani asubuhi, mmoja akielekea chekechea na mwingine akinifuata dukani, na sikuona sababu yoyote ya kielimu ya kuwatenganisha. Ninaelewa kwamba chekechea zinahitaji kupanga idadi ya walimu kwa muhula, lakini malipo yangeweza kuanza mwezi unaofuata siku ya kuzaliwa bila kuharibu mpango huo, na mtoto wa Aprili asingekuwa anaadhibiwa kwa siku tano.

Kisha kuna saa za wazazi wanaofanya kazi, ambazo ndizo hutangazwa zaidi na ndizo huwachanganya watu zaidi. Mpango huu ulitangazwa katika bajeti ya Machi 2023 na waziri wa fedha wa wakati huo, Jeremy Hunt, ukatekelezwa kwa hatua: Aprili 2024 watoto wa miaka 2 walipata saa 15, Septemba 2024 saa hizo zikashuka hadi kwa watoto wa miezi 9, na tangu Septemba 2025 ni saa 30 kuanzia miezi 9 hadi mtoto aingie shule. Kila mzazi, au mzazi mmoja akiwa analea peke yake, anapaswa kutarajia kipato kisichopungua kima cha chini cha mshahara kwa saa 16 za wiki. Kwa kiwango cha Aprili 2025 hiyo ilikuwa pauni 195 hivi kwa wiki kwa mwenye miaka 21 au zaidi. Wakati huohuo, asiwepo mzazi ambaye kipato chake kinavuka pauni 100,000 kwa mwaka. Wenzetu wanaofanya zamu kupitia mawakala wasikate tamaa kwa sababu wiki moja walipata zamu nyingi na nyingine wakakosa kabisa, kwani kinachopimwa ni jumla wanayotarajia katika miezi mitatu ijayo. Na aliyejiajiri kwa chini ya miezi 12 haulizwi kima hicho cha chini.

Mzazi akikubaliwa hupewa msimbo wa tarakimu 11, ambao lazima authibitishe upya kila baada ya miezi mitatu. Lakini kuwa na mtoto mwenye umri unaofaa hakutoshi. Msimbo nao lazima uwe umepatikana kabla ya muhula kuanza, yaani si baada ya tarehe 31 Agosti kwa muhula wa Septemba, 31 Desemba kwa wa Januari, na 31 Machi kwa wa Aprili. Aliyeupata tarehe 2 Aprili atangoja Septemba, hata kama kazi anayo na mtoto anafaa. Ombeni mapema, na andikeni tarehe hizo mahali mnapoziona kila siku.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Ili kupata saa hizi za wazazi wanaofanya kazi, angalau mzazi mmoja lazima awe na uraia au ukaazi usio na lile sharti la fedha za umma. Ikiwa wote wawili wana sharti hilo, wanakataliwa, hata kama wote wanafanya kazi usiku na mchana na kukatwa kodi kila mwezi. Serikali ilieleza mpango huu kuwa njia ya kuwawezesha wazazi kubaki kazini, ilhali watu wanaowaosha na kuwalisha wazee wa nchi hii wamepewa viza zinazowaruhusu kukaa kwa sababu tu wanafanya kazi. Siwezi kuona ni kwa mantiki gani wao ndio waachwe nje. Nimeona mume na mke wakipishana mlangoni, mmoja akirudi kutoka zamu ya usiku na mwingine akitoka kwa zamu ya mchana, na mtoto wa miezi 14 akilelewa na baba anayepambana na usingizi. Hilo ni jambo la usalama wa mtoto, na sheria iliyotungwa kwa jina la watoto ilipaswa kuliona. Scotland tangu Agosti 2021 humpa kila mtoto wa miaka 3 na 4 saa 1,140 kwa mwaka bila kuuliza kama wazazi wake wanafanya kazi, kwa hiyo inawezekana kabisa kumtazama mtoto kwanza.

Hata hivyo upo mlango mmoja mwembamba kwa familia hizo. Mtoto wa miaka 2 ambaye wazazi wake wana sharti la fedha za umma anaweza kupata saa 15 ikiwa kipato cha nyumba, baada ya kodi, hakizidi pauni 26,500 kwa mwaka kwa wenye mtoto mmoja nje ya London, au pauni 34,500 ndani ya London, na akiba yao haizidi pauni 16,000. Wenye watoto wawili au zaidi wamewekewa viwango vya juu kidogo, pauni 30,600 na pauni 38,600. Maombi hupelekwa kwa halmashauri ya mahali mnapoishi. Nimekutana na wachache sana wanaojua habari hii, na sijawahi kuiona imeandikwa kwa Kiswahili mahali popote katika mji wetu.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Wiki 38 si mwaka mzima, na chekechea nyingi huzitandaza saa hizo ili zifike likizo, kiasi kwamba saa 15 huwa 11 hivi kwa wiki na saa 30 huwa kama 22. Chekechea inaweza kuomba malipo ya chakula na nepi, lakini mzazi hapaswi kulazimishwa kuyalipa kama sharti la kupewa nafasi. Ana haki ya kuuliza ni njia gani nyingine ipo, kwa mfano kumfungia mtoto chakula cha nyumbani.

Yule dada nilikwenda naye katika chekechea iliyo karibu na kwake mwanzoni mwa Desemba, akiwa amebeba cheti cha kuzaliwa cha mtoto katika bahasha ya plastiki pamoja na barua zote za uhamiaji alizokuwa nazo. Mwalimu mkuu alichukua cheti, akanakili tarehe, akamrudishia barua nyingine bila kuzifungua. Mtoto alianza Januari, na kabla ya kuingia shule Septemba alikuwa amebakiwa na mihula miwili.