Juisi ya Nanasi Kabla ya MRI

Mgonjwa hajala tangu usiku, maumivu yamemkaza chini ya mbavu za kulia, na daktari anahofia jiwe limekwama kwenye mrija wa nyongo. Kabla ya kulala kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, anapewa karibu nusu lita ya juisi ya nanasi.

Kipimo anachosubiri huitwa MRCP, yaani picha za MRI za mirija ya nyongo na kongosho. Katika picha zake, majimaji yaliyotulia hung'aa. Nyongo hung'aa, lakini hata maji ya tumboni na ya mwanzo wa utumbo mwembamba hung'aa vilevile, yakaufunika mrija unaotafutwa. Nanasi lina manganizi, madini yenye nguvu ya kisumaku. Juisi ikijaa tumboni, mng'ao wa pale huzimika na mrija huonekana wazi.

Wanaoitetea hawabahatishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika British Journal of Radiology uliwapa watu mililita 400 za juisi hiyo, na tumbo likafifia kwa kiwango kinachokaribiana na cha ferumoxsil, dawa ya chembe za chuma iliyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyohiyo. Juisi inanyweka, ni rahisi, na inapatikana dukani.

Ila watu hao walikuwa 10 tu, tena wazima. Mgonjwa anayetapika kila akimeza hawezi kumaliza mililita 400. Mwenye kisukari naye anabebeshwa sukari ya gramu 40 hivi, sawa na vijiko 10 vya chai, na hilo si la kupuuza hata kidogo.

Kinachonisumbua zaidi ni manganizi yenyewe. Kiasi chake hubadilika kutoka juisi moja hadi nyingine, na pakiti nyingi hazikiandiki. Nanasi la Kiwangwa, kule Tanzania, laweza kuwa tamu kama asali, lakini utamu haupimi madini. Ukikamua nyumbani ukaongeza maji, umepunguza dawa bila kujua.

Kwangu mimi, juisi itumike, hasa pale ambapo bila hiyo mgonjwa angepigwa picha tumbo likiwa linang'aa. Lakini kituo kichague aina moja, kikijaribu kwanza kwenye mashine yake: kikombe cha juisi kando ya kikombe cha maji, vyote vipigwe picha kwa mpangilio wa MRCP. Maji yatatoka meupe. Juisi nayo ikitoka nyeupe, asipewe mgonjwa.